Kalamu ya daktari ni ya nani?

Ndugu msomaji, leo naomba tuzungumzie kitu kidogo sana, kidogo kiasi kwamba huenda ukaona hakistahili nafasi gazetini. Naomba tuzungumzie kalamu.

Miezi kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama yangu mkubwa, mzee wa Ujiji aliyekwishapita miaka sabini, kwenda hospitali moja ambayo hapana haja ya kuitaja. Presha ilikuwa imempanda. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alimwamkia mama shikamoo, akampima mara mbili, akamsikiliza hadi mwisho, hata zile habari za magoti ambazo hazikuwa sababu ya safari yetu. Kisha akaandika cheti cha dawa. Mimi kazi yangu ni kusoma na kuandika, na mtu wa kazi hiyo husoma hata yasiyomhusu. Nikaona kalamu aliyoshika ina jina la dawa. Nikainua macho, kalenda ya ukutani ina jina lile lile. Saa ndogo ya mezani, jina lile lile. Tulipotoka nje nikakisoma cheti. Jina lile lile.

Tukaenda duka la dawa pale Mwanga. Bei tuliyotajiwa kwa vidonge vya mwezi mmoja ilimfanya binti wa mzee, ambaye anauza dagaa Kibirizi, ainamishe kichwa na kuhesabu kwa vidole. Akalipa. Mwezi wa pili akalipa. Mwezi wa tatu, bila kumwambia mtu, mama akaanza kumeza siku moja na kuruka siku moja ili vidonge vimfikishe mbali na mtoto wake apumue. Tulikuja kulijua hilo usiku alipoanguka akienda kutawadha. Alhamdulillah, hakupooza.

Siku chache baadaye nilikipeleka kile cheti kwa muuza dawa mwingine, mtu mzima wa siku nyingi katika kazi hiyo. Akavaa miwani, akakitazama, akatabasamu. "Mwanangu," akaniambia, "hii ni amlodipini. Ipo ya kiwanda kingine, imesajiliwa, kiini chake ni kile kile. Bei yake haifiki hata sehemu ya sita ya hii." Nikamuuliza, kwa nini basi daktari hakuiandika hiyo? Akavua miwani yake. "Hiyo haina mtu wa kuitembeza," akasema.

Basi swali nililorudi nalo nyumbani, na ambalo ndilo la makala hii, ni hili: Je, yule kijana alikula rushwa?

Wapo watakaojibu haraka kuwa ndiyo, na wapo watakaojibu kuwa kalamu ya shilingi mia chache haimnunui mtu aliyesoma miaka yote ile. Mimi naona majibu yote mawili yanatupotosha. Sina shaka kwamba daktari yule hakumuuza mama yangu. Hakukaa chini na kampuni akapatana nayo bei. Ukimwapisha kwa Mwenyezi Mungu ataapa kuwa aliandika dawa aliyoiona nzuri, na kiapo chake kitakuwa cha kweli. Na hapo ndipo lilipo tatizo. Tungekuwa tunashughulika na mwizi, jambo lingekuwa jepesi. Tunashughulika na mtu mwema.

Sisi watu wa Kigoma na Ujiji tunayo sababu ya kulijua neno "hongo" kuliko wengine. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo kwa njia ya Tabora kuja hapa ziwani ililipa hongo kwa watawala wa nchi ilizozipita. Hongo ilikuwa ni ushuru wa njia. Ililipwa kwa doti za nguo, ikabishaniwa mchana kweupe, mbele ya wapagazi na wanakijiji. Stanley, alipokuwa anakuja Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alitozwa hongo mfululizo katika nchi ya Buha hadi akaamua kuwapitisha watu wake usiku kwa kunyemelea asije akalipa tena. Tazama basi maajabu ya lugha: neno lile lile leo ni jina la malipo ya sirini. Tofauti yake nini? Zamani kila aliyekuwepo alijua nani analipa, nani anapokea, na kwa ajili gani. Leo anayelipa ndiye asiyejua. Kampuni inajua, daktari anajua walau nusu. Mama yangu mkubwa, ambaye gharama ya kalamu ile, kalenda ile na saa ile imo ndani ya bei ya kidonge chake, hajui lolote.

Na huyo huyo Stanley anatupa somo la pili. Livingstone alifika Ujiji mwaka 1869 akiwa mgonjwa hoi. Sanduku lake la dawa lilikuwa limekwishaibwa njiani mwaka 1867, na akaandika kwamba kulipoteza ni kama kuhukumiwa kifo. Stanley alilijua hilo. Alipoandaa msafara wake mwingine mwaka 1887, ule wa kumwokoa Emin Pasha, kampuni ya dawa ya London, Burroughs Wellcome, ilimpatia masanduku tisa ya dawa bila malipo. Msafara ukaisha, na mwaka 1890 akatoa kitabu. Humo ndani ameitaja kampuni hiyo kwa jina na kuyasifia masanduku yake. Sisemi dawa zile zilikuwa mbaya. Yawezekana zilikuwa bora kabisa. Ninachosema ni kwamba kampuni ilitoa sanduku ikapata kalamu, na kalamu ya mtu anayeaminiwa ina thamani kubwa kuliko dawa iliyomo sandukuni. Wafanyabiashara wa dawa wamelijua hilo kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini. Sisi bado tunabishana kama ni kweli.

Wala tusidhani haya ni mambo ya Wazungu huko kwao. Mwaka 1978 daktari wa Kiingereza aliyewahi kufanya kazi hapa nchini, John Yudkin, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu biashara ya dawa Tanzania. Alieleza kwamba madaktari wapatao 600 waliokuwepo nchini walikuwa wakizungukwa na wawakilishi 147 wa makampuni ya dawa, yaani mwakilishi mmoja kwa kila madaktari wanne. Kumbuka zama zile. Hii ilikuwa nchi ya Azimio la Arusha, ambayo kwa sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imepiga marufuku tiba binafsi ya biashara. Mnunuzi mkubwa wa dawa alikuwa ni serikali, kwa fedha za mkulima wa pamba na mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Wawakilishi wale 147 hawakuja kutafuta mfuko wa daktari. Waliupitia moyo wake ili waufikie mfuko wa umma. Na baadhi ya dawa za maumivu zilizokuwa zikitangazwa hapa kwa maumivu ya kawaida zilikuwa ni zile ambazo huko Marekani zimewekewa vizuizi vikali kwa sababu zinaweza kuharibu chembe nyeupe za damu na kuua.

Sasa turudi kwenye moyo, maana ndio uwanja wenyewe.

Uislamu haukukataza zawadi. Kinyume chake, Mtume (SAW) alipokea zawadi na akatuhimiza kupeana, kwa kuwa zawadi hupandikiza mapenzi baina ya watu. Kila Muislamu analijua hilo, tena tunalisikia sana kwenye khutba za ndoa na siku za Idd. Lakini ni mara ngapi tumekaa tukatafakari maana yake? Maana yake ni kwamba zawadi inafanya kazi. Haiulizi kama mpokeaji amesoma hadi chuo kikuu au ameishia darasa la saba. Inaingia moyoni na kulainisha. Waswahili nao wamelisema kwa namna yao: mkono mtupu haulambwi.

Ni hapo ninaposhangazwa na kauli ambayo madaktari wengi, wa hapa na wa ughaibuni, huitoa ukiwauliza. Husema, "Napokea, lakini hainiathiri." Kauli hiyo imepimwa. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa Marekani kuhusu madaktari wa hospitali moja kubwa waliolipiwa na makampuni safari za mapumziko pamoja na semina juu ya dawa mbili. Kabla ya kuondoka waliulizwa kama safari hiyo itabadili uandikaji wao wa dawa. Karibu wote walikataa. Watafiti wakaenda kwenye stoo ya dawa ya hospitali. Dawa ya kwanza, iliyokuwa ikitoka kwa wastani wa vipimo 81, ilipanda baada ya safari hadi 272. Ya pili ilitoka 34 ikafika 87.

Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2001, uliwauliza madaktari walio mafunzoni maswali mawili. Je, wewe unaathiriwa na zawadi na matangazo ya makampuni? Asilimia 61 wakajibu kuwa hawaathiriwi. Je, wenzako? Waliosema kuwa wenzao hawaathiriwi walikuwa asilimia 16 tu. Yaani kila mmoja ni malaika, wenzake ndio binadamu!

Nasi tusicheke sana, maana ndivyo tulivyo wote. Lakini tuitafakari kauli ile ya "hainiathiri" hadi mwisho wake. Tuseme ni kweli. Tuseme yupo daktari ambaye mtu anamtembelea kila mwezi, anamuulizia hali ya watoto, anamletea kalamu, chakula cha mchana, mara moja kwa mwaka tiketi ya semina Dar es Salaam au Nairobi, na moyo wake haumlainikii mtu huyo hata kidogo. Mtu asiyeguswa na wema wa mwenzake, je, ataguswa na maumivu ya mwenzake? Mimi nisingependa kutibiwa naye. Daktari ninayemtaka ni yule mwenye moyo unaoguswa, anayesikiliza habari za magoti ya kikongwe. Na huyo ndiye ambaye zawadi itampata. Kwa hiyo hatumkatazi daktari zawadi kwa sababu tunamshuku ubaya. Tunamkataza kwa sababu tunamjua kuwa ni mwema, na wema wake ni amana ya mgonjwa.

Hapa ndipo ninapokumbuka kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim, cha mtu aliyejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya. Mtume (SAW) alimtuma kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi akayagawa aliyokuja nayo mafungu mawili: hili ni lenu, na hili mimi nimepewa zawadi. Mtume (SAW) akapanda juu ya mimbari, akamhimidi Mwenyezi Mungu, akalikemea jambo lile mbele ya watu. Akauliza, kwa maana yake, kwa nini mtu huyo asingebaki katika nyumba ya baba yake au mama yake, tuone kama zawadi hiyo ingemfuata huko?

Tazama kipimo hicho kilivyo chepesi na kilivyo kizito. Hakuna aliyeulizwa habari ya nia yake. Hakuna aliyepekuliwa moyo, maana ya moyoni anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Kinachoulizwa ni kitu ambacho hata mtoto anaweza kukijibu: zawadi hii imekuja kwako au kwa kiti ulichokalia? Daktari wetu akistaafu kesho, akarudi kukaa barazani kwa mama yake Ujiji, je, yule kijana wa begi jeusi atapanda bodaboda kumfuata na kalenda? Ikiwa jibu ni hapana, basi kalenda ile haikuwa yake. Umar bin Abdulaziz, alipokataa zawadi akakumbushwa kuwa Mtume (SAW) alipokea, alijibu kwa maana kwamba wakati ule ilikuwa zawadi, ama kwetu sisi ni rushwa. Hakusema kwamba watu wote wa zama zake ni waovu. Alijua kinachotafutwa kwa mwenye mamlaka.

Hoja hizi nilimpelekea rafiki yangu mmoja ambaye ni daktari, tuliyesoma naye madrasa moja utotoni. Nilidhani nimejiandaa. Ilikuwa jioni, tumekaa tunatazama boti za dagaa zikiwasha taa kwenda ziwani. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akanijibu mambo matatu.

"La kwanza, ndugu yangu," akasema, "hapa Kigoma ni mwisho wa reli. Hakuna anayenifuata huku na elimu mpya ila huyo unayemsema. Miaka nimekaa, waliogharimia mimi nikae chumba kimoja na mabingwa nikasikia tiba za sasa ni makampuni. Mwajiri wangu hajawahi. La pili, zile sampuli ninazoachiwa nawapa maskini wasio na kitu. Unataka nizikatae wafe?" Akanyamaza kidogo, akanitazama. "Na la tatu. Nyinyi waandishi mkiitwa kwenye semina na mikutano, mnaposaini ile karatasi mkapewa bahasha, huwa mnaita nini?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Bahasha nimepokea, zaidi ya mara moja, na nimejiambia maneno yale yale: ni nauli tu, haiwezi kubadili ninachoandika. Na nikijiuliza leo, je, nimewahi kumwandika vibaya mtu aliyenipa bahasha? Sikumbuki. Basi ninayoyaandika hapa siyaandiki kutoka juu ya mimbari. Nayaandika kutoka ndani ya safu, bega kwa bega na yule daktari.

Lakini kuwa mdaiwa hakumzuii mtu kuhesabu. Nimeyapima majibu yake.

Kuhusu elimu, nakubali kwamba daktari anayeachwa bila elimu mpya ni hatari kwa mgonjwa. Lakini elimu inayoletwa na muuzaji si lazima iwe ya uongo ili ipotoshe. Yatosha iwe ya kuchagua. Anafundisha dawa yake. Nani atakayekuja kufundisha dawa isiyokuwa na faida? Sisi wa mwambao huu tulipata mfano wa wazi. Mwezi Mei mwaka 2015 wakimbizi kutoka Burundi walimiminika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, makumi ya maelfu ya watu, na kipindupindu kikawaingilia. Waliougua walikuwa maelfu, na zaidi ya thelathini walifariki. Meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta watu Kigoma. Kilichowaokoa wengi wa wagonjwa wale, pamoja na dripu kwa waliozidiwa, ni maji safi na pakiti ya ORS: chumvi na sukari kwa kipimo maalumu. Ni miongoni mwa tiba zilizookoa watoto wengi zaidi duniani. Je, umewahi kuona saa ya mezani yenye jina la chumvi na sukari? Umewahi kusikia daktari amelipiwa tiketi kwenda kujifunza habari zake? Dawa yenye manufaa makubwa na faida ndogo haina mtu wa kuitembeza, kama alivyosema yule mzee wa duka.

Kuhusu sampuli, huruma ya rafiki yangu naiheshimu. Lakini presha na kisukari si homa ya siku tatu. Ni magonjwa ya maisha. Sampuli inamfikisha mgonjwa wiki mbili, halafu inamwacha mlangoni mwa duka akiwa na jina moja tu la dawa kichwani. Mvuvi anajua tofauti ya kulisha samaki na kutia chambo.

Kuhusu bahasha, jibu lake ni kuiacha. Sijui kama nitaweza kila mara, lakini nimeanza.

Hata hivyo, haki ni kusema kwamba mzigo huu hauwezi kubebwa na dhamiri ya daktari mmoja. Ukitegemea toba ya kampuni moja au ya mtu mmoja, utangoja sana. Mwaka 2012 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikubali kulipa dola bilioni 3 huko Marekani kumaliza mashitaka yaliyohusu, pamoja na mengine, safari na starehe walizogharimiwa madaktari. Mwaka 2013 ikatangaza kuwa itaacha kuwalipa madaktari kuzungumzia dawa zake. Watu wakapiga makofi. Washindani wake wakaendelea kama kawaida, na mwaka 2018 nayo ikalegeza msimamo wake. Anayeacha peke yake huona sokoni kwamba amepoteza. Marekani wenyewe walitunga sheria mwaka 2010 ya kuyalazimisha makampuni kuorodhesha hadharani kila walichompa daktari, na tangu mwaka 2014 raia anaweza kumtafuta daktari wake kwa jina akaona amepokea nini. Kwa maneno mengine, wameirudisha hongo kwenye mwanga wa mchana, kama ilivyokuwa njia ya Ujiji.

Sisi hatuanzi patupu. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu tunayo tangu mwaka 1991, na mwongozo wa matibabu unaokwenda nayo unamtaka daktari aandike jina halisi la dawa badala ya jina la biashara. Mamlaka ya dawa, iliyokuwa TFDA na tangu mwaka 2019 ikawa TMDA, ina kazi ya kusimamia matangazo ya dawa. Kinachopungua ni mtu wa kuuliza. Hospitali zetu, za serikali, za watu binafsi na za taasisi zetu za Kiislamu, haziwezi kuwa na daftari moja la zawadi, likakaa wazi, kila mwenye kupewa akaandika? Wawakilishi hawawezi kukutana na kamati ya dawa ya hospitali kwa pamoja, wakaulizwa maswali, badala ya kuingia kwa daktari mmoja mmoja mgonjwa akiwa anasubiri kwenye benchi?

Na elimu ya daktari lazima ilipiwe na mtu. Tusipoilipa sisi italipwa na muuzaji, kisha tutailipa sisi kwa bei ya juu zaidi dirishani. Wazee wetu katika Uislamu walilielewa hilo. Hospitali kubwa aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 iliendeshwa kwa wakfu: mapato ya mali zilizowekwa wakfu ndiyo yaliyowalipa matabibu, yakanunua dawa na kuwahudumia wagonjwa bila malipo. Leo tunachangishana mamilioni kwa ajili ya mazulia na vipaza sauti, na ni jambo la kheri. Ni msikiti gani, ni jumuiya gani, imewahi kuchangia daktari wa mji wake akapate mafunzo ya mwezi mmoja ili arudi akiwa hana deni kwa mtu ila kwa wagonjwa wake?

Mwenye kadi ya bima naye asidhani halimhusu. Mfuko wa bima ni chungu kimoja tunachochangia wote. Dawa ya bei mara sita iliyoandikwa bila sababu inateka kutoka chungu hicho, na siku kikikauka atakayeambiwa dawa yake haimo kwenye orodha ni mimi na wewe.

Wala nasi wagonjwa tusijitoe. Tumezoea kudhani kuwa dawa ya bei ndogo haina nguvu, na kwamba daktari asiyetuchoma sindano hajatutibu. Mwenye duka analijua hilo na mwenye kampuni analijua zaidi. Tujifunze kuuliza kwa adabu, bila ugomvi: "Daktari, jina halisi la dawa hii ni lipi? Ipo nyingine ya kiini hicho hicho iliyo nafuu?" Wakati mwingine atajibu kuwa haipo, au kwamba kwa mgonjwa huyu ile ya ghali ndiyo inayofaa, na tutamwamini. Kuuliza si kumtuhumu. Ni kumkumbusha kuwa chumbani mle kuna mtu wa tatu, ambaye hakuleta kalamu.

Tulirudi kwa yule daktari kijana, mimi na mama mkubwa. Nilimuuliza swali hilo kwa maneno hayo. Nilitegemea ataudhika. Akatulia, akakitazama cheti chake cha mwanzo kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza, akasema, "Mama, samahani, ningeweza kukuandikia ya kawaida tangu siku ile." Akakata jina la kwanza akaandika amlodipini. Sasa mzee anameza kila siku, haruki.

Kalamu aliyoandikia ilikuwa ile ile. Sikumwambia kitu. Lakini nilimuona akiitazama kabla ya kuirudisha mfukoni.

Wallahu a'lam.